Siku ya Tatu kutoka Oban

Wanangu walichanga. Miaka thelathini na mmoja
ya kugeuza wagonjwa Paisley, wadi ya mifupa,
zamu za usiku, viatu vya mpira,
na asante yao ikaja ndani ya bahasha:
siku sita, meli ndogo ya kifahari, kabini tisa,
shuka za kitani, supu zenye majina ya Kifaransa.
"Kapumzike, mama."
Kana kwamba kupumzika ni mahali,
mtu hukatiwa tiketi akaenda.

Asubuhi ya kwanza nilitandika kitanda mwenyewe,
pembe nne kihospitali, shuka imewambwa kama ngoma.
Jomel, mhudumu, kijana wa Iloilo,
akasimama mlangoni na taulo mikononi:
"Mama, unaniibia kazi."
Nikaomba radhi. Kesho yake nikamwibia tena.

Bahari ya huku haina haraka ya kupendeza.
Rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa jivu;
kisha jua linatoboa, dakika mbili hivi,
na visiwa vyote vinatokeza pamoja
kama watoto walioitiwa peremende.
Nahodha Ruaridh anavitaja kimoja kimoja,
majina yenye miiba kama samaki,
wala hakuna linalomkwama.

Mezani, Bwana Pettigrew, muuza bima mstaafu,
aliniuliza kwa upole kwetu ni wapi.
"Paisley."
Akacheka. "Na kabla ya Paisley?"
"Kabla ya Paisley nilikuwa Greenock."
Mkewe akamkanyaga chini ya meza;
niliona maji yakitikisika kwenye bilauri.

Siku ya tatu tukashushwa kwa boti ya mpira
kwenye kisiwa ambacho jina lake sikulishika.
Tukavishwa mabuti. Tukapewa chokoleti ya moto
yenye tone la wiski. Langu matone mawili.
Catriona, mwongozaji, akatupandisha kilimani
hadi penye kuta zisizo mapaa,
nyumba zimebaki magoti.
"Tazameni upupu," alisema. "Huota
palipomwagwa majivu na maji ya vyombo.
Penye upupu palikaa watu."
Kaya arobaini. Mwenye ardhi alitaka kondoo.
Karani alikuja na karatasi,
na mapaa yakachomwa wasije wakarudi.
Kamera zikalia, che, che, che.

Mimi nilikwama kizingitini,
mguu mmoja ndani, mmoja nje.
Katikati ya sakafu, mawe meusi matatu.
Manne, kusema kweli, niliyahesabu,
ila jicho langu lilikataa la nne.

Bibi yangu Perepetua, huko Muheza, alihamishwa na mkonge.
Si vita, si njaa. Mkonge,
mistari iliyonyooka hadi macho yakachoka,
na karani, na karatasi.
Alijitwika mafiga yake, yote matatu.
Watu wakamcheka: huko uendako hakuna mawe?
Akasema, "Yapo. Lakini hayajanijua."

Nilitaka kumwambia Catriona. Nikafungua mdomo,
upepo ukaingia, nikaufunga.
Nikachuma jani la upupu kwa vidole vitupu,
mtu mzima na akili zangu.
Likaniwasha mpaka jioni na sikuomba dawa,
mimi niliyegawa dawa miaka yote ile.

Chakula cha usiku: mguu wa kondoo,
"wa visiwa hivi hivi," mpishi alijigamba.
Bwana Pettigrew alimega kidogo, akasukuma sahani.
Mimi kondoo yule nilimla mpaka mfupa.
Nikaomba tena.
Nikavunja gegedu kwa meno mbele ya mishumaa
na leso zilizokunjwa kama mabata,
na hakuna aliyethubutu kuniuliza kwetu ni wapi.

Asubuhi kitanda nilikiacha nilivyoamka:
shuka nusu sakafuni, mto na shimo la kichwa.
Jomel akabisha, akachungulia, akashtuka.
"Mama, unaumwa?"
"Hapana, mwanangu.
Nimeacha tu ionekane
kwamba hapa palilala mtu."